Maziwa ya Mwaka Themanini na Sita

Sjirk Hiemstra alikuwa mkuu wa barafu katika nchi ambayo maji yake yameacha kuganda. Huku kwetu Frisia, kaskazini mwa Uholanzi, kila kijiji kina kamati ya barafu, hata kama kijiji chenyewe ni kanisa, duka moja na mbuzi. Kazi ya mkuu wa barafu ni hiyo tu: mfereji ukiganda, yeye ndiye anayekanyaga wa kwanza, anatoboa kwa keke, anapima unene, kisha anatangaza kama watu wavae viatu vyao vya chuma wakateleze au wabaki majumbani. Akisema hapana, hata mchungaji wa kanisa hana rufaa.

Tatizo ni kwamba baridi ya siku hizi ni mvua na matope. Bata wanaogelea Januari utadhani wamelipia. Hata hivyo Sjirk, kila asubuhi kuanzia Desemba, alishuka ukingoni mwa mfereji wetu wa Aldeterp na keke yake begani, akayatazama maji, akarudi nyumbani. Wanaume wa mkahawani walikuwa wakimngojea.

"Sjirk! Leo unene wa bata ni sentimita ngapi?"

"Chekeni tu. Ipo siku mtanitafuta."

"Tutakutafuta tukuazime mwavuli!"

Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta, tangu nilipoolewa. Jina langu Hiltsje. Nilikuwa nakata watu nywele mpaka magoti yaliponigomea, na mkata nywele husikia kila hadithi ya kijiji mara mbili. Ya Sjirk nimeisikia mara zisizohesabika, tena kavu, bila hata mkasi mkononi.

Hadithi yake ilikuwa miaka ya themanini. Nao muongo huo kwake ulikuwa na siku mbili tu, zile siku za Mbio za Miji Kumi na Moja, themanini na tano na themanini na sita, kilomita mia mbili juu ya barafu kuanzia gizani mpaka gizani. Zote mbili alizimaliza. Misalaba yake miwili ya ukumbusho, midogo kama vifungo, ilitundikwa sebuleni juu ya televisheni, na ole wako uipanguse vumbi bila ruhusa. Mbio zilifanyika tena mwaka tisini na saba, lakini Sjirk alikuwa na mguu kwenye plasta, na mbio asizokimbia yeye kwake hazikuwapo.

Katika zile za pili ndipo alipompata mkewe. Hapo sauti yake ilibadilika. Penye daraja la Wytsum, alisema, barafu ilikuwa dhaifu, kwa hiyo wakimbiaji walipanda nchi kavu wakapita juu ya mazulia na viatu vyao vya chuma. Pale alisimama msichana na birika la maziwa ya moto yenye kiungo cha anisi. Sjirk akanywa, akaondoka. Msichana akamkimbilia! Akakimbia ukingoni na upepo wa mashariki usoni, bila glavu, nywele zimefumuka, akimwita, mpaka penye kinu cha upepo.

"Msichana asiyenijua," alisema Sjirk, "hajui hata jina langu, ananikimbilia namna ile. Siku hizi nani atamkimbilia mtu? Siku hizi wanatumiana vidole gumba kwenye simu."

Wiki iliyofuata alipanda pikipiki akaenda Wytsum kuuliza msichana mwenye birika anakaa wapi. Mwaka uliofuata wakafunga ndoa. Baukje, mkewe, kila hadithi ilipofika kwenye kinu cha upepo alikuwa anainuka kwenda kuongeza kahawa. Nilidhani ni haya.

Sjirk alikuwa dereva wa lori la maziwa, anazunguka mashambani akikusanya. Kwake kila kitu kilikuwa kizuri miaka ile. Mkate ulikuwa na ladha, milango haikufungwa kwa ufunguo, mtu akikwambia kesho ni kesho. Nilichoka siku moja nikamwambia, "Miaka ile ulikuwa na nywele, Sjirk. Tofauti ni hiyo." Alicheka, lakini kesho yake akaanza upya. Wahenga wanasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kwa Sjirk yaliyopita ndiyo yalikuwa dawa, na aliinywa kutwa mara tatu.

Vuli iliyopita Baukje alianza kukonda. Ilikuwa saratani ya kongosho, na ilipogunduliwa ilikuwa imekwisha kusambaa. Alikataa kulala hospitalini. Wakamletea kitanda cha hospitali, kikawekwa sebuleni karibu na dirisha, na muuguzi akawa anapita asubuhi na jioni. Hawakujaliwa watoto. Baukje mwenyewe alizaliwa peke yake, na wazazi wake walikuwa wamekwisha tangulia siku nyingi. Kwa hiyo walikuwa wao wawili, na mimi wa kuingia na kutoka.

Na Sjirk, mwanamume wa kilomita mia mbili, alishindwa kukaa. Alitengeneza bomba lisilovuja. Alipaka rangi mlango wa banda. Alikwenda mjini kununua balbu moja. Alikuwa anasimama mlangoni pa sebule na kuuliza, "Unataka kitu?"

"Kaa," Baukje alimjibu.

"Nakuja sasa hivi."

Kisha ungesikia mlango wa nyuma. Nilikuwa namtazama na kukasirika. Mwanamke yule alikuwa anaomba kitu kimoja duniani, mumewe akae karibu naye kabla hajafa, na mumewe alikuwa tayari kumpa chochote isipokuwa hicho.

Februari upepo ukageuka mashariki. Tuliamka asubuhi nyasi zimekuwa nyeupe, na kesho yake mifereji imejifunika utando, na kesho kutwa watoto wakaanza kurusha mawe kusikiliza kama barafu inaimba. Ilikuwa inaimba. Sjirk aliingia jikoni kwangu bila kubisha hodi, pua nyekundu, macho yanang'aa.

"Jirani, inaganda."

"Nimeona. Funga mlango."

"Nampeleka Wytsum."

"Unampeleka nani?"

"Baukje. Kile... kile kiti cha kuteleza cha marehemu mama kipo bandani, kinahitaji misumari tu. Namketisha, namfunika ngozi za kondoo, namsukuma taratibu mpaka darajani. Saa moja kwenda, saa moja kurudi." Ulimi ulikuwa unamkimbia mpaka maneno yanagongana.

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Nataka kumshtukiza."

"Mtu anayekufa hahitaji kushtukizwa, Sjirk."

Aliniangalia kana kwamba nimempiga kofi. Kisha akasema polepole, "Akifika pale atakuwa yule yule, Hiltsje. Nina hakika. Akipaona pale."

Nilitaka kumtukana, nikashindwa. Nilielewa kwamba mtu huyu anaamini kweli. Aliamini kwamba pale darajani Wytsum mwaka wa themanini na sita umekaa unawangoja, ujana wake na ujana wa mkewe, na kwamba ugonjwa haujui njia ya kufika kule. Nilimpa kahawa, akainywa wima.

Tangu hapo alihamia bandani. Alipiga nyundo asubuhi, akapiga nyundo jioni. Mimi nilikaa na Baukje nikimlowanisha midomo na kisponji, na nyundo tunaisikia ukutani.

"Anatengeneza nini tena?" aliniuliza.

Mimi siri haikai kwangu. Nikamwambia kiti, ngozi za kondoo, Wytsum, vyote. Baukje akaanza kucheka, akacheka mpaka maumivu yakamshika, akabaki ameng'ata kona ya shuka.

"Sitaki kwenda Wytsum," alisema alipopata pumzi. "Sijawahi kutaka kwenda Wytsum."

"Mwambie basi."

"Karibu miaka arobaini sijamwambia. Nianzie wapi?"

"Anza na neno kaa."

"Hilo nimeshamwambia," alisema Baukje, akageuza uso dirishani.

Siku ya nne ya baridi Sjirk aliniomba nimshikie kamba ukingoni wakati anapima. Barafu ilikuwa nyeusi, safi, ile ambayo wazee wa kamati huiota. Kwa miaka kumi na zaidi sikuwa nimeiona namna ile, na nakiri hata mimi roho ilinisuuzika. Alipiga magoti akazungusha keke. Ilizama ikatokea upande wa pili. Kwa kawaida keke ikichomolewa maji hupanda yakajaa shimoni mpaka juu, ukajua barafu imelala vizuri juu ya maji yake.

Shimo lilibaki kavu.

Aliinama akachungulia. Nikasogea nami nikachungulia. Giza, halafu chini kabisa, urefu wa mkono wa mtu mzima, maji yanameta.

Watu wa huku hawahitaji kuelezwa, lakini nitasema. Nchi yetu imekaa chini kuliko bahari, na pampu zinanyonya maji mchana na usiku tusije tukazama sote. Mkuu wa barafu yeyote anajua kwamba dalili ya kwanza ya baridi ikionekana, unakwenda kwa mtu wa pampu unamwomba apunguze, maji yasishuke. Yakishuka baada ya kuganda, barafu inabaki inaning'inia hewani. Kwa macho ni nzuri, unene upo, ila chini yake hakuna kinachoibeba. Sjirk ndiye aliyewafundisha jambo hilo vijana wote wa kamati. Safari hii alikuwa bandani na nyundo.

"Nimesahau kwenda kwa Wopke," alisema.

Alibaki amepiga magoti. Sijawahi kumwona mtu akizeeka mbele yangu namna ile.

Wopke ndiye mtu wa pampu, kijana wa miaka arobaini, aliyerithi kazi ya baba yake. Tulimkuta kwenye tuta anakata matete. Sjirk hakumsalimu hata.

"Wopke, nirudishie maji."

"Mzee Sjirk, maji gani?"

"Ya mfereji. Yapandishe. Barafu ielee."

Wopke akaweka chini mundu wake. "Mzee wangu, mimi siku hizi nafyeka nyasi tu. Pampu inaendeshwa na kompyuta, iko mjini. Hata mimi naambiwa kwa simu."

"Baba yako alikuwa anaizima kwa kikombe kimoja cha kahawa!"

"Baba amekufa. Na kile kitufe chake nacho kimekufa."

"Kuna mlango wa maji wa mkono. Nakijua kile kipini, nimekizungusha mwenyewe mwaka themanini na tano."

"Nikifungua ule, maji yanaingia kwenye mazizi ya watu watatu kabla ya jioni."

"Mke wangu anakufa, Wopke."

Wopke alivua kofia yake katika upepo ule. "Najua, Mzee. Tunawaombea. Lakini siwezi."

"Mtu mmoja wa miaka ile angeweza!" Sjirk alipiga kelele. "Mtu mmoja tu!" Nikamshika mkono nikamrudisha nyumbani kama mlevi. Redio ilikuwa inasema upepo utageuka Alhamisi na mvua itarudi. Ilikuwa Jumanne.

Jumatano asubuhi nilikuwa nimekaa kitandani pa Baukje alipoingia Sjirk na ngozi za kondoo mikononi. Alikuwa amenyoa ndevu. Alikuwa amevaa sweta lile la zamani, tumbo limeligomea. Alisema angepita pembeni kabisa, karibu na matete, pale barafu inashikwa na mizizi. Alisema hayo kwangu kwa mnong'ono, macho yakiwa pengine, kwa sababu alijua kwamba anadanganya, na katika miaka yake yote ya ukuu hakuwahi kudanganya juu ya barafu.

"Baukje," alisema kwa sauti. "Nimekuja kukuchukua. Tunakwenda mahali."

"Kaa, Sjirk."

"Tukirudi nitakaa."

"Kaa nikueleze yale maziwa."

Uso wake ukachanua. Alidhani sasa mkewe atasimulia, yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Hata akanigeukia, "Sikiliza, Hiltsje, sikiliza." Lakini hakukaa. Alisimama na ngozi zake.

Baukje alisema kidogo kidogo, akipumzika kati ya maneno.

"Yale maziwa yalikuwa ya kumwaga. Themanini na nne ulikuja mgao wa maziwa, unakumbuka? Kila mkulima akapewa kipimo chake, ukizidisha unatozwa. Baba alikuwa ndiyo kwanza amejenga zizi jipya. Ng'ombe hawajui mgao, Sjirk. Wanatoa tu. Yaliyozidi tulikuwa tunamwaga kwenye shimo la samadi, na baba hataki jirani aone. Siku ya mbio mama akasema basi, leo angalau yanywewe na watu."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Uliyapenda mno maziwa yale."

Sjirk alizikaza ngozi kifuani. "Lakini ulinikimbilia. Mpaka kwenye kinu."

"Uliondoka na kikombe."

"Kikombe gani?"

"Cha mama. Cha seti ya harusi yake. Vingine alikuwa ameshauza. Nilikuwa nakiita kikombe, mpenzi wangu, sikuwa nakuita wewe."

Nilitamani kutoka na sikuthubutu kupita mbele yao.

"Nilikitupa," alisema Sjirk. "Kwenye matete. Nilidhani ni vile vya bure."

"Nilijua. Wiki ile ulipobisha hodi nilidhani umekileta." Baukje alitabasamu, kweli alitabasamu. "Baba aliuza ng'ombe mwezi wa tano. Lori lilipoondoka nao aliingia zizini, akageuza ndoo akaikalia. Kuanzia siku ile alishinda mle, zizi tupu, mpaka vuli alipokufa. Chakula nilikuwa nampelekea mle mle. Halafu jioni unakuja na pikipiki yako kunieleza habari za barafu, na mimi nafurahi. Sikudanganyi, nilifurahi. Katika watu wote niliowajua wewe peke yako ulikuwa hulii. Ila usinirudishe kule. Sitaki hata saa moja ya miaka ile. Nataka hii hapa. Njoo ukae."

Kiti cha kando ya kitanda kilikuwa mbele yake, angenyoosha mguu angekigusa. Nikamwambia kimoyomoyo, kaa, mjinga wewe, kaa. Sijawahi kuomba kitu kwa Mungu namna ile, hata mume wangu alipokuwa mahututi.

Sjirk alitikisa kichwa. "Hapana," alisema. "Hapana. Ilikuwa miaka mizuri." Akatoka, na mlango wa nyuma ukalia.

Nilimwona kupitia dirisha. Alikuwa ameshavaa viatu vya chuma, anasukuma kile kiti cha kuteleza juu ya barafu, kitupu, ngozi zimetandikwa juu yake kana kwamba kuna mtu. Alikuwa anaelekea Wytsum. Nikatoka na ndara zangu, magoti yakilia, nikapita juu ya tuta nikipiga kelele jina lake. Wopke alinisikia kule kwenye matete yake. Sjirk alikuwa anakwenda kasi, mgongo ameuinamisha, mikono kwenye kiti, yule mzee alikuwa bado anateleza vizuri mno, na barafu chini yake inaguna. Barafu nzuri huimba. Ile ilikuwa inaguna.

Kwenye kona ya kwanza ilipasuka. Kiti kilikwenda kwanza, halafu yeye. Sikuona kichwa tena.

Wopke alilala kifudifudi juu ya ngazi yake ya mbao, mimi nimekalia miguu yake, na tulimtoa Mungu anajua vipi. Midomo ilikuwa ya bluu. Alisema neno moja tu, "Baukje asijue," na meno yakamzuia kusema zaidi. Gari la wagonjwa likaja likampeleka mjini. Moyo wake ulikuwa unapiga ovyo, walisema, hawawezi kumruhusu mpaka utulie.

Alhamisi upepo uligeuka kama redio ilivyosema, na mvua ikanyesha juu ya barafu. Nilikaa na Baukje. Muuguzi alikuwa ameongeza dawa, akawa analala na kuamka. Mchana aliamka akatazama kile kiti cha kando ya kitanda, akatazama mlango.

"Yuko wapi?"

"Anakuja sasa hivi," nilimwambia.

"Ndiyo," alisema. "Ndivyo anavyosema."

Hakuamka tena. Alikata roho kabla ya chai ya jioni, mkono wake ukiwa mkononi mwangu, mkono ambao haukuwa wangu kuushika. Nilipompigia Sjirk simu hospitalini nilisikia tu ameiweka simu juu ya kitu, na watu wanapita.

Huku kwetu jirani wa karibu ndiye anayemwosha maiti. Nilimwosha na mke wa Wopke, tukamvika gauni lake la kijivu, tukamlaza pale pale dirishani. Ijumaa asubuhi teksi ilisimama nje. Sjirk aliingia na viatu vya kitambaa vya hospitali, hakuvua koti, akakivuta kiti akakaa.

Akakaa kutwa. Watu wa kijiji walikuja kutoa mkono, wale wa mkahawani wote, hakuna aliyetaja bata. Nilimimina kahawa, nikakata mkate wa sukari. Sjirk alipokea kila mkono bila kuinuka. Jumamosi ilikuwa hivyo hivyo. Juu ya televisheni ile misalaba ilikuwa bado inaning'inia, na sikumwona akiitazama hata mara moja.

Jumapili mchana, watu wamekwenda kanisani, akafungua mdomo.

"Ule mgao ulipokuja, lori langu lilikuwa linarudi nusu tupu," alisema. "Wytsum haikuwa njia yangu, lakini ilikuwa hivyo kila njia. Nilikuwa namaliza kazi mapema, mchana kweupe. Ndiyo maana nilipata nafasi ya kufanya mazoezi. Wengine hawakupata nafasi ile." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilifurahi, Hiltsje. Nilikuwa naendesha lori tupu na kupiga mluzi."

Hasira yote niliyomwekea ilikuwa imenitoka, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi.

"Walikuwa wangapi wale ng'ombe?" aliniuliza.

"Sijui, Sjirk."

"Na zizi? Lilikuwa upande wa kanisa au upande wa daraja? Nilikwenda pale kila jioni mwaka mzima. Baba mtu alikuwa amekaa mle ndani, na mimi silikumbuki zizi."

"Sijui. Mimi sikuwahi kufika kwao."

"Nani anajua?"

Nikatafuta kichwani. Mama mtu alikufa zamani, ndugu hakuna, shamba liliuzwa, majirani wao walihamia mjini. Nikamwambia kweli, kwamba simjui yeyote.

Sjirk akasogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa kitanda. Akauchukua mkono wa Baukje, akauweka katikati ya mikono yake miwili.

"Walikuwa wangapi, Baukje?" alimuuliza, akainamisha kichwa karibu na mdomo wake, akanyamaza ili asikie.